Ngoja Aite Tena

Mie Nassra, na shoga yangu ni Ummukulthum Hamad, yule anayeandika blogu ya maneno ya nyumbani. Watu humwambia ati kabahatika! Bahati gani? Kila Ijumaa, mvua, homa, harusi, Kulthum huandika neno moja la zamani la Mji Mkongwe na kisa chake. Upawa. Kidaka. Kifumbu. Hajakosa hata Ijumaa moja, na mie jirani yake wa Mkunazini ndiye shahidi, maana mara ngapi nimemkuta kapakata kompyuta na wali wake unaungua jikoni.

Sikatai, blogu imemfaa. Alikuwa akiuza vitambaa Darajani, hajulikani na mtu. Wageni wanaojifunza Kiswahili wakaanza kuyasoma maneno yake, skuli moja ya lugha ikamwita akafundishe, mara redio, mara wafasiri wa Dar es Salaam wanampigia kumuuliza. Hata sauti yake ilibadilika. Zamani ukimsemesha anakujibu kwa kichwa. Sasa anasimama mbele ya watu, anazungumza, anacheka. Na wasomaji wanaomwandikia kutoka Mombasa na Maskati walimtoa upweke, maana mume hana na wazazi wake wameshatangulia mbele ya haki.

Lakini hakuianzisha kwa hayo. Aliianzisha kwa ajili ya Anuar, kaka yake.

Anuar aligombana na baba yao, akapigwa kofi mbele ya watu, akaingia ubaharia. Hakurudi tena wala hakutuma salamu. Baba akafa. Nyumba ikauzwa, leo ni hoteli, na pale ukumbini alipokuwa akilala Anuar wageni wanakunywa kahawa. Kulthum akawa hapati usingizi. "Nassra, akirudi atapiga hodi kwa nani?" Ndipo akafungua blogu, akawa anaiandika nyumba yao neno baada ya neno, ili Anuar popote alipo akute mtu. Redio ilipotaka aihamishie kazi yake kwao, kwa mshahara khasa, alikataa. Nkamgombeza sana siku ile.

"Nkihama atanipotea," akanijibu.

Ijumaa moja akaandika juu ya susu, ile kamba iliyosukwa, inayoning'inizwa darini kuwekea chakula paka asikifikie. Akaeleza namna Anuar alivyokuwa akipanda kinu kuiba samaki. Siku hiyo nilikuwa kwake. Adhana ya magharibi ndiyo kwanza imekwisha, simu ikalia. Mtu ameacha maoni chini ya kile kisa, hakuweka jina lake. Neno moja tu: Kijino.

Kijino ndilo jina ambalo Anuar alimpa Kulthum utotoni, alipong'oka jino la mbele, na hakuna mwengine duniani aliyemwita hivyo.

"Mjibu basi!" nkamwambia.

Akaigeuza simu kifudifudi. "Ngoja aite tena."

Sie tuliolelewa hapa tunaelewa. Ukiitwa wakati wa magharibi na humwoni anayekuita, huitikii mpaka akuite tena na tena, kwa sababu wasiokuwa watu huita mara moja tu. Mama yake Kulthum alikuwa akiwafinya watoto wake wakiitikia mapema. Lakini jamani, hata kwenye simu?

"Wee Kulthum, jini gani huyo ananunua bando?"

Hakucheka. "Nkijibu nkakuta si yeye, Nassra, ntakuwa sina tena wa kumngoja. Na akiwa ndiye, ataita tena. Mtu hai huita tena."

Nliogopa, nasema kweli. Tangu hapo kila magharibi Kulthum anakaa na simu mapajani, taa hawashi, anangoja. Ijumaa anaandika kama kawaida, na maneno yake yakawa mazuri kwa namna inayotisha. Wasomaji wakazidi, wakamsifu. Mie nkiyasoma naona anambembeleza mtu mmoja tu: ita tena, ita tena. Hakuita. Mwisho Kulthum mwenyewe akaanza kusema kwamba yule hakuwa mtu.

Kisha simu ikapigwa kutoka Maskati. Kulthum alikuwa akikanda unga, nami nipo pale, akadhani ni mwanafunzi anataka masomo, akaweka sauti ya nje. Mwanamke akajitaja: Bashira, mke wa Anuar.

"Alikuwa akikusoma kila Ijumaa, wifi yangu. Akinisomea, anacheka, halafu analia. Nkimwambia mwandikie, husema, kwa uso gani?" Anuar alipolazwa, moyo umechoka, ndipo akaomba simu. Akaandika lile neno moja. "Nkamuuliza mbona huongezi? Akasema, 'Akiitika ndio ntasema.'"

Kulthum kasimama, unga mikononi, hata kukaa hakuweza.

"Kila akizindukana ananiuliza, 'Kaitika?' Namwambia bado. Siku ya mwisho nkashindwa, wifi. Nkamwambia, eh, kaitika, kasema naam. Akafurahi! Akaanza kuzungumza na wewe, anakueleza, anakueleza, mpaka pumzi ikamwisha. Nisamehe, nlikusemea uongo."

"Alinambia nini?" Kulthum akauliza.

"Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikumsikia."

Ijumaa ile akaandika "Naam", bila ya kisa chochote. Watu wakadhani blogu imeharibika, wengine wakamwandikia kumuuliza kulikoni. Hakumjibu hata mmoja. Ijumaa ya pili akaendelea na maneno yake, na skuli anakwenda, na wageni wanampenda vile vile.

Ila jana jioni tumekaa kwake, mie na yeye tu, hakuna aliyemwita. Akainua kichwa, akasema, "Naam." Kisha akatega sikio, muda mrefu, anatikisa kichwa kama mtu anayeelezwa jambo, na mie nkazuia pumzi nisije nkamkatiza.