Feni za Kushoto

Huyu ninayemwandika wanamwita Matroni, ingawa umatroni hajawahi kuuonja. Kazi yake ilikuwa mapokezi ya zahanati, kugawa kadi na kuwatuliza wagonjwa wenye haraka. Mimi nilikuwa napiga deki korido ya hapohapo. Ni mwanamke mrefu, mkimya, hacheki ovyo, na kwenye kufuma hana mpinzani. Mpe uzi asubuhi, jioni anakurudishia kitambaa cha meza.

Tulipostaafu tukawa tunakutana kila Alhamisi kwa Mke wa Seremala, kwenye chumba kinachonuka gundi ya mbao, tunafuma watatu. Mke wa Seremala hufuma kidogo na kusema sana. Siku moja alikuwa anapachika lesi kwenye foronya, akaishona pamoja na gauni lake, akainuka nayo kwenda kufungua mlango. Tulicheka mpaka Matroni akafuta machozi. Mimi sikuwahi kuchekwa pale, nilihakikisha. Siku ya kwanza waliponiuliza nani alinifundisha, niliwajibu, "Marehemu mama. Kwetu kulabu ya kufumia tunazaliwa nayo." Walipoona nashika kulabu kwa mkono wa kushoto wakasema ah, huyu ni wa kushoto, yakaisha.

Mwaka huu binti wa Mke wa Seremala alipata mchumba, tukaamua kumfumia shuka la kitanda. Tulichagua ua la feni, lile ambalo majani yake yamelala upande mmoja kama mapanga ya feni. Kila mtu afume maua yake nyumbani, kisha tuyaunganishe.

Alhamisi ya mwisho kabla ya harusi tukayatandaza juu ya godoro. Mke wa Seremala akashika kiuno.

"Jamani, mbona feni nyingine zinarudi nyuma?"

Nikatazama. Za kwao zote zinazungukia huku, zangu zinazungukia kule. Ukiona ua moja peke yake hujui kitu. Yakipangwa pamoja hata kipofu angejua.

"Shoga, kwako umeme unaingia kinyume?" akaniuliza.

"Ni mkono wa kushoto," nikasema. "Mama naye alikuwa hivyohivyo."

"Wewe wa kushoto? Chai unakoroga kwa kulia. Chungwa umelimenya sasa hivi kwa kulia. Hebu fuma tuone."

Nikatae, halafu waseme naogopa? Nikashika kulabu, nikafuma. Mke wa Seremala akainama karibu, na kicheko kikamkatika.

"Na hicho kidole? Nacho ni cha mama?"

Kidole changu cha pete kilikuwa kimenyooka kama msumari. Matroni kidole chake cha pete hakikunjiki tangu mlango wa stoo ya dawa ulipokibana. Akifuma hukitoa nje. Changu ni kizima. Wallahi sikuwa najua kwamba nakinyoosha.

Matroni akaweka kazi yake mapajani. "Mwache," akasema. "Mimi nimeshazoea. Tangu tuko zahanati ananiigiza. Nilidhani akizeeka ataacha."

Miaka yote hiyo ameamini namcheka kidole chake, na bado alikuwa akinigawia uzi. Nilipolazwa ni yeye aliyenifulia. Nikishikilia habari ya mama, heshima yangu inabaki, lakini Matroni anakwenda kaburini akiamini nilimkejeli.

"Sikukuigiza ili nikucheke," nikasema. "Nilikuibia."

"Umeniibia nini?"

"Kufuma. Wewe uko mezani, mimi niko kwenye benchi la wagonjwa mbele yako, najifanya nakamua tambara. Nilichonga kulabu kwa spoki ya baiskeli, nikawa naufuata mkono wako. Wako wa kulia ulikuwa upande wangu wa kushoto. Na kidole... nilidhani ndivyo kinavyokaa."

"Si ungeuliza?"

"Nikuulize wewe, na ndoo yangu ya deki?"

Mke wa Seremala akainuka kwenda kujaza birika, nalo lilikuwa limejaa. Ukiaibika ukiwa kijana unaweza kukimbia. Mimi nilibaki nimekaa palepale, magoti yenyewe hayataki haraka.

Aliporudi akasema watanifumia maua yangu upya, wala nisijali. Nikamwambia yangu nayafumua mwenyewe. Matroni akasogeza kiti, akakaa ubavuni kwangu, akanitia kulabu mkono wa kulia. Mkono huo ulikuwa kama mguu. Kila nikivuta kitanzi, uzi unachomoka.

"Legeza."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza, bibi wewe. Umeukaba uzi kama umekamata mwizi."

Akasikia alichosema, akanisogezea uzi.

Feni nilizotoa siku mbili zilizobaki kabla ya harusi zilikuwa zimelegea kama soksi za mtoto. Zipo kwenye kitanda cha bi harusi, upande wa ukutani. Ila jioni ile ya kwanza, taa imeshawashwa, Matroni aliniuliza bila kunitazama:

"Na mama yako, alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alichota mchanga mtoni, akiwauzia wajenzi. Alibeba kwa kichwa."

"Mpaka akazeeka?"

"Mpaka shingo ikakataa."

"Na hizo nyumba zilizojengwa, bado zimesimama?"

"Zimesimama."

Akavuta uzi wake, akaukata kwa meno. "Sasa mama kama huyo ulimshikisha kulabu ya nini?"

Nikaliinamia lile ua, nikalifumua lote, nikaanza tena katikati, pale ua linapoanzia.