Sirad na njia aliyodai anaijua

Saa tatu asubuhi, mvua ya Novemba inapiga madirisha ya maabara, na Sirad Korane anadondosha formalini, dawa ya kugandisha, kwenye sahani ya seli hai. Mkono wake ni mwepesi, umezoea. Macho yake, hata hivyo, hayabanduki kwenye maelekezo yaliyobandikwa ukutani.

“Usinipige picha nikiwa hivi,” anamwambia mwandishi na kujaribu kucheka. “Mtu mzima, miaka yote hii kazini, bado nasoma ukutani.”

Sirad alilelewa Garissa, akasomea ufundi wa maabara Nairobi, kisha akahamia Birmingham na mumewe. Wanaishi Sparkbrook, nyuma ya maduka ya Stratford Road. Kazi yake ni kuwasaidia watafiti wanaotaka kujua protini fulani inashika sehemu gani ya DNA, maana hapo ndipo jeni huwashwa au kuzimwa.

Njia ziko kadhaa. Ile iliyompatia Sirad jina ni ya jeli: protini na kipande cha DNA huchanganywa kwenye kijichupa, kisha hupitishwa katika jeli yenye umeme. DNA iliyoshikwa hubaki nyuma, kama mtu aliyebeba mzigo.

Njia ya pili, ambayo bado anajifunza, huanza na seli yenyewe. Protini hugandishwa pale pale ilipo, DNA hukatwa vipande, kisha protini huvuliwa kama samaki, kwa kingamwili inayoinasa hiyo peke yake, ili ionekane imeng'ang'ania wapi.

“Jeli inakwambia protini inaweza kushika,” anaeleza. “Haikwambii kama ndani ya seli inashika kweli. Na Ivan swali lake lilikuwa hilo la pili.”

Ivan Onyango ni mwanafunzi wa uzamifu kutoka Kisumu. Mwaka jana mkuu wa maabara, Dkt. Manjit, alimtuma kwa Sirad wachague njia pamoja.

“Dada Sirad, si heri tujaribu hii ya kuvua?” Ivan aliuliza.

“Nilishaijaribu,” Sirad akamjibu. “Inaleta uchafu mtupu. Wewe shika jeli.”

Hakuwa ameijaribu hata mara moja.

Anapolisimulia hilo, sauti inashuka hadi mwandishi analazimika kusogeza kiti. “Watu walikuwa wananifuata kwa sababu ya jeli. Niliona nikisema sijui, nitaachiwa kuosha vyombo. Neno likatoka tu. Halafu likawa gumu kulirudisha.”

Ivan akaamini. Karibu mwaka mzima alifanya kazi ya jeli, na picha zikatoka safi, za kupendeza. Mwezi Juni akazipeleka mbele ya jopo la wahadhiri waliotakiwa kuamua kama ataendelea na utafiti.

Mhadhiri mmoja akamuuliza kwa nini hakuangalia ndani ya seli.

“Fundi wetu aliijaribu njia hiyo, haikufaa,” Ivan akasema.

“Matokeo ya jaribio hilo yako wapi?”

Ivan akageuka. Sirad alikuwa ameketi safu ya nyuma, amekuja kumpa moyo. Macho yao yakakutana.

“Nikainama nikafunga kamba ya kiatu,” Sirad anasema. “Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.”

Ivan akaomba radhi, akasema huenda alielewa vibaya. Jopo likamwandikia kwamba hana umakini, likampa hadi Machi aanze upya.

Sirad hakula siku ile. Mumewe, Sahal, alidhani anaumwa. Kesho yake alimngoja Dkt. Manjit mlangoni, akamweleza yote akiwa bado na koti.

Daktari hakupaza sauti. Alimpeleka kujifunza njia ya kuvua katika maabara nyingine, kisha akamwambia, “Ivan utamwambia mwenyewe.”

Alimwambia kwenye ngazi.

“Mimi nilikuwa nawaambia nyumbani nina dada huku,” kijana akasema, akapanda zake.

Tangu hapo wanafanya kazi meza moja na wanazungumza mambo ya kazi tu. Jaribio la kwanza la njia mpya lilitoka tupu. La pili limeonyesha dalili hafifu kwamba protini ya Ivan imeshika DNA mahali wasipopategemea.

Jopo litakapokutana tena, Sirad anataka kusimama na kusema uongo ule ulikuwa wake. Dkt. Manjit anaona si lazima. Sirad anasema atakwenda tu.

Na Ivan mwenyewe, je, anataka hivyo?

Sirad anaweka sahani mezani. Uso umemwiva.

“Sijamuuliza,” anasema. “Naona bado namwamulia.” Anavua glavu. Ivan ameingia mlango wa pili na anatundika koti lake. “Ngoja nimuulize.”