Mwizi wa Maji Niliyemtangaza

Nisameheni wenzangu kwa barua pepe ile. Niliketi intaneti kafe pale Majengo, nikawaandikia vijana wa Kenya na Uganda tuungane kudai mkataba wa kulinda mazingira na haki za watu wa kanda yetu. Nikaambatanisha picha ya mfereji wetu wa Old Moshi, mkavu kabisa: "Kuna mwizi huko juu anawanyima wanakijiji maji!" Sikumjua, wala sikuuliza nyumbani.

Wenzetu wa Nairobi wakaja na kamera. Tukaufuata mfereji kupanda mlima, mimi mbele nikihubiri, mpaka tukamkuta mwanamume akiuziba kwa magogo ya migomba, maji yageukie kahawa yake. Akainuka, akatabasamu.

"Karibuni wageni! Mwanangu, mbona hukuniambia mnakuja?"

"Shikamoo, baba," nikasema, na wenzangu wakashusha kamera.