Laptop ya ofisi ilivyonizimikia Kakese

Jamani, hili lisitoke hapa. Bosi hajui.

Leo nilikuwa kijijini Kakese kuandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku. Tulipokaa hakuna umeme.

Asubuhi niliiweka prosesa ya laptop kwenye kasi ya juu kabisa, ili fomu zifunguke haraka. Na zilifunguka kweli!

Saa tano chaji ikaisha. Foleni bado ndefu.

Mama mmoja akanicheka: "Mwanangu, maksai ukiwakimbiza asubuhi, shamba watamaliza saa ngapi?"

Waliobaki nimewaandika kwenye daftari. Orodha inafungwa kesho mchana, na nisiporudi huko asubuhi kuwaingiza kwenye laptop, hawapati mbolea.

Nyie mnaojua, kasi gani inatosha fomu bila kumaliza chaji?

Niandikieni inbox. Msinipigie, simu naichajia mezani kwa bosi.