Glasi Tatu za Bi Freija

Safari yangu ya kupiga mbizi Dahab niliipanga mwenyewe kutoka Kairo, maana mawakala siwapendi. Tiketi ya basi, chumba, mitungi ya hewa, hata wenzangu wawili wa kuzama nao, vyote nilivitafuta mimi. Bi Freija tu sikumpanga. Tulimkuta ufukweni, mama wa Kibedui anayewachemshia wazamiaji chai.

Tulipokuwa tukivaa, alitandaza mkeka akaweka glasi tatu.

"Simimini mpaka kila glasi ipate mwenyewe," alisema.

Nikacheka kimoyomoyo.

Huko chini mkondo ulinitenga na wenzangu, ukanitupa pwani ya mbali. Nilirudi kwa miguu juani, mtungi mgongoni, nikawakuta wamekaa midomo imewakauka, glasi bado tupu. Bi Freija alikuwa amesimama, mkono juu ya macho, akiitazama bahari.

"Mama, nimefika," nilimwambia kwa nyuma.

Aligeuka, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ulikwenda kuoa huko? Kaa, wenzako wana kiu."

Ndipo akamimina. Chai ilikuwa imechemka mpaka ikawa chungu kama shubiri. Niliimaliza, nikaomba nyingine.