Kamba ya Transit

Habari ilitufikia kwa phonie, ile redio ya parokia ambayo usipopiga kelele hausikiki, na watu wote waliopanga mstari nyuma yako wanajua mambo ya nyumbani kwako kabla yako wewe.

"Laure na bwana yake na batoto wanatoka Kolwezi na avion siku ya tano," sauti ilisema. "Watakuwa transit Likasi. Over."

Dada yangu Albertine alikishika kile chombo kama anamkaba mtu. "Transit iko ku quartier gani?"

Mstari wote ulicheka. Nilimvuta kitenge. "Yaya, transit si mtaa. Ni kupita."

"Kupita wapi?"

"Hapa."

"Basi banakuya hapa."

"Hapana, wanapita hapa. Ndege inasimama kidogo, halafu inaenda Lubumbashi, halafu Afrika ya Kusini."

"Weye Rosalie, tangu mu tumbo ya mama unapenda kunichanganya kichwa."

Hapo tumboni hakukosea. Sisi ni mapasa, pacha. Yeye alitangulia akaitwa Kyungu, mimi nikafuata nikaitwa Kabange, kama kawaida yetu Waluba. Alinitangulia kwa muda wa mama kuvuta pumzi tu, lakini mpaka leo namuita Yaya, yaani dada mkubwa, na mpaka leo tukifika mlangoni ananisukuma. Yeye ni mnene, mimi nimekonda. Watu wanasema alikula fungu langu mle ndani. Sikatai.

Yaya alikuwa anauza samaki wa ziwa Tshangalele kwenye soko la Kikula, mtaa wetu hapa Likasi, na sauti yake haikuhitaji phonie. Lakini sifa yake haikuwa samaki. Sifa yake ilikuwa matusi. Kwetu mapasa wakizaliwa hawapokelewi kwa upole, wanapokelewa kwa nyimbo za kutukana. Unamtukana baba yao, unawatukana mashemeji, unamtukana na padri kama amesimama karibu, na aliyetukanwa ni marufuku kukasirika. Anacheka, anacheza, anatoa zawadi. Zawadi lazima ziwe mbili na zifanane, maana mapasa hawapewi kimoja wakagombania. Anayekasirika, wazee walisema, anavimba uso.

Basi pacha wakizaliwa Kikula, mtu wa kwanza kuitwa alikuwa Yaya. Mwenye nyumba awe fundi wa kiwandani, awe mchimbaji, awe anasali wapi, alimwita. Miaka ile kiwanda kilikuwa kimelala, mishahara ni hadithi, umeme unakuja kutusalimia na kurudi zake, lakini matusi ya Yaya hayakukatika hata siku moja.

Sasa sikiliza balaa. Mtoto wake Laure ndiye aliyezaa mapasa, na Laure hakutaka nyimbo.

Laure alisoma kwa masista. Tangu utoto alikuwa anapita njia ya nyuma ya soko ili wenzake wasijue kuwa yule mama anayeimba habari za matako ya watu ni mama yake. Halafu akaolewa na Chadrack, kijana wa kanisa la maombi, mpole, mwenye tai hata akienda kuoga. Walipopata watoto kule Kolwezi, walituma neno: Mama asije na zile nyimbo, ni za kipagani. Na majina si Kyungu na Kabange. Wa kiume ni Béni, wa kike ni Bénie.

"Lakini ile ni jina moja," Yaya alisema. "Ya pili wameiongeza mukia tu."

Alicheka aliposema hivyo, halafu akaingia ndani akakaa peke yake. Mimi namjua. Aliumia.

Na bado alipanda treni kwenda kuwaona. Treni ilifika Tenke, katikati ya njia, ikachoka, ikalala pale siku na siku, abiria wakapika, wakafua, wakagombana, wakapatana, mwisho wakageuza kila mtu na njia yake. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Usimuambie Laure," aliniambia. "Atasema nilienda kuimba."

"Kwani hukuenda kuimba?"

"Nilienda kuimba. Lakini polepole."

Na sasa walikuwa wanahama kabisa, na kwenda Afrika ya Kusini siku zile hakukuwa kwenda na kurudi. Ndiyo maana Yaya hakulala wiki nzima. "Kabange," aliniambia, na akiniita hivyo najua hakuna mchezo, "kama siwaimbie hapa, kule ni nani atawaimbia? Batoto yangu batakuwa mapasa ya bure."

Siku ya tano, yaani Ijumaa, tukaenda uwanjani. Ule uwanja wa ndege wa Likasi miaka ile ulikuwa zaidi wa mbuzi kuliko wa ndege. Kulikuwa na chumba kimoja, bendera iliyopauka, na mkubwa wa uwanja, Kabongo, mwenye kofia ya kazi iliyomzidi kichwa. Ndege zilikuwa zimemsahau. Siku hiyo alipopata moja, tena yenye abiria wa kwenda nchi ya nje, alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye mlingoti wa bendera mpaka kwenye mti wa mwisho, akasimama katikati.

"Huku ni Zaire," alisema. "Kule ni transit. Ba transit habatoke, ba Zaire habaingie."

Yaya aliniangalia. "Si unaona? Nilikuambia ni mahali."

Ndege ikatua, ndogo, imebeba watu na magunia. Laure akashuka na mtoto mmoja, Chadrack akashuka na mwingine. Wakaja mpaka kwenye kamba. Ungenyoosha mkono ungewagusa, na Yaya aliunyoosha.

"Mama! Kanuni!" Kabongo akapiga filimbi.

Watoto walikuwa wanene, Mungu awabariki, mashavu mpaka machoni. Rubani alisema wanaweka mafuta tu, wanaondoka. Akafungua pipa la kwanza la mafuta yaliyokuwa yamehifadhiwa pale: maji. La pili: maji. La tatu: maji na chura. Kabongo akasema hajui lolote. Mimi nasema tu kwamba mwezi ule taa za mafuta mtaani kwetu zilikuwa zinawaka vizuri ajabu. Sitaongeza.

Ikabidi gari liende Lubumbashi kutafuta mafuta. Na barabara ile, na vizuizi vile vya askari! Rubani akavua viatu akalala chini ya bawa.

"Kumbe transit ni kuzuri," Yaya alisema. "Fidèle! Leta mbabula!"

Fidèle ni mume wake. Tangu kiwanda kisimame alikuwa anatengeneza mbabula, majiko ya makaa, kwa mabati ya kuokota. Akaleta majiko, akaleta makaa, jirani wakaleta sufuria, na nusu ya Kikula ikafuata harufu. Tulipika bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki palepale kando ya kamba. Lakini chakula kikitaka kuvuka, Kabongo anainua mkono.

"Contrôle."

Anaonja samaki. Anafikiri. Anaonja tena upande wa pili wa samaki. "Pita." Kufika sahani ya rubani, samaki alikuwa amebaki kichwa na heshima yake. Chadrack naye alikula nyuma ya gurudumu la ndege, amegeuka, maana mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Kwa hilo nilimsifu, kanisa halijamtoa adabu.

Nilipompitishia Laure sahani yake, sikuweza kujizuia. Mdomo wangu huu haukuumbwa kwa siri. Nikamwambia: "Mama yako alipanda treni kuja kwako. Alikwama Tenke. Amenikataza kusema."

Laure aliishika ile sahani bila kula mpaka bukari ikapoa.

Jua lilipoanza kushuka, Yaya akafunga kitenge chake vizuri, akaita kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kwake. "Laure, mutoto yangu. Wimbo mumoja tu. Mufupi."

Laure akamtazama mume wake. Chadrack akatazama gurudumu. "Mama, tulisema," Laure akajibu, taratibu.

Kabongo naye, nani kamuuliza? "Na kelele ni marufuku mu zone ya transit!"

Aa! Pale ndipo alipojikwaa. Laure ni mtoto, Yaya alikuwa tayari kumeza. Lakini Kabongo? Amekula samaki wetu pande zote mbili! Yaya akashika kiuno, akanisukuma nyuma kama kawaida, na ikatoka ile sauti ya soko:

*"Kabongo weye, kofia kubwa, kichwa kidogo!*
*Tumbo ilifika mbele, matako yalibaki Koni,*
*yanatafuta courant!"*

Mungu wangu! Hata wewe uliyeketi ungesimama. Umeme wetu, hiyo courant, ulikuwa unatoka Koni, na kila mtu alikuwa anangojea umeme ule kwa hasira zake, basi watu walianguka chini kwa kucheka. Wanawake wakadaka kiitikio, mimi nikapiga beseni. Kabongo akafungua mdomo kutukana, kisha akakumbuka. Ni nyimbo za mapasa. Hawezi kukasirika. Niliona mkono wake unapanda taratibu kugusa shavu, kama limeanza kuvimba.

Yaya hakumpa nafasi. Akageukia kwenye gurudumu:

*"Mukwe yangu anasali, macho amefunga!*
*Nani alimuonyesha njia mu giza,*
*tena mara mbili?"*

Tai ya Chadrack ilitikisika. Mwanzo nilidhani analia. Alikuwa anacheka, maskini, ameficha uso kwenye mpira wa gurudumu, mabega yanaruka.

"Kabongo, toa zawadi!" watu wakapiga kelele. "Mbili! Zifanane!"

Yule mtu akajipapasa. Kofia ni moja. Filimbi ni moja. Mshahara, tusitaje. Alizunguka pale anatafuta kitu cha kugawa, jasho linamtoka, mkono mmoja bado uko shavuni. Ndipo akaenda kwenye mlingoti, akafungua kamba yake, akaikata katikati kwa kisu cha samaki, akampa Béni nusu, akampa Bénie nusu.

Mpaka ukaisha hivyo. Zaire ikaingia transit yote, na mbuzi.

Yaya akawachukua watoto, mmoja kila mkono, akacheza nao mpaka vumbi likasimama. Akawanong'oneza majina yao, Kyungu na Kabange, kila mmoja sikio lake. Nilimsikia. Nililia, nasema wazi.

Lakini Laure alisimama kando, mikono amefunga kifuani. Hakuimba, hakupiga makofi. Yaya alicheza huku anamwangalia, na kadiri alivyomwangalia ndivyo hatua zake zilivyopungua. Gari la mafuta lilipopiga honi barabarani, alisimama kabisa. Akamrudishia Laure watoto.

"Nimewaimbia mara moja," alisema. "Lakini mutoto anakua. Kule, nani?"

"Mama, avion inaenda," Laure alisema.

Wakapanda, kila mtoto na kipande chake cha kamba mkononi. Kabongo akatusukuma tusimame nyuma ya mstari wa kamba ambayo haipo tena, na tulisimama, ajabu ya Mungu. Yaya hakupunga mkono. Alisema amechoka.

Mlango wa ndege haukufungwa. Laure akarudi pale juu ya ngazi, mapasa wawili mikononi, akatazama watu wote wale wa Kikula, wateja wa soko, majirani, na baadhi ya wale aliosoma nao. Akavuta pumzi. Sikujua mtoto yule ana sauti ile. Ni ya mama yake yote:

*"Mama yangu wa Kikula, mama wa samaki!*
*Anakoroma sawa treni ya Tenke:*
*inapiga kelele usiku yote,*
*Kolwezi haifikake!"*

Uwanja ulilipuka. Yaya alinigeukia, macho yametoka. "Weye ulimuambia!"

"Miye?"

"Kabange! Ulimuambia!"

Lakini aliyetukanwa kwenye wimbo wa mapasa hawezi kukasirika, hata na dada yake. Alikuwa anacheka na machozi yanamwagika mpaka shingoni, na watu wanapiga kelele: "Mama, toa zawadi! Mbili! Zifanane!" Akajitazama. Sufuria zote ni za jirani, kitenge ni kimoja. Akainama, akavua kandambili zake mbili, akazirusha moja baada ya nyingine mpaka kwenye ngazi. Chadrack, na tai yake, akashuka kuziokota.

Ndege ikaenda. Njia ya kurudi Kikula ina mawe, yale ya machimbo, yanayokata, na Yaya alianza kuikanyaga peku, anaimba ule wimbo wa mkoromo wake mwenyewe. Nikamwita. Nikavua kandambili yangu moja nikampa. Haikumtosha, kisigino chake chote kilibaki nje, akasema hata mguu wangu umekonda. Tukarudi nyumbani hivyo, kila mmoja na kandambili moja, tunachechemea upande mmoja.