Zambarau Isiyobaki Kwenye Meno

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, sahani tatu nyeupe ziko juu ya meza ya jikoni, kila moja na kijiko cha krimu ya siagi ya zambarau. Kando yake kuna kipande cha kitambaa cha rangi hiyohiyo, upana wa viganja viwili.

Mpambaji wa keki, ambaye mtaani wanamwita Mama Krimu, anakihamisha kitambaa kutoka sahani moja hadi nyingine. Daftari lake linasema: rangi ya maji, matone arobaini; rangi ya unga, nusu kijiko cha chai; rangi ya jeli, matone sita. Zote zilichanganywa jana saa kumi jioni.

“Ya maji imelegeza krimu, tazama inavyotambaa,” anasema. “Ya unga imetoa vidoadoa kama mtoto mwenye surua. Hii ya jeli, jana mume wangu alisema ina upungufu wa damu. Itazame leo.”

Anakilaza kitambaa kwenye ukingo wa sahani ya tatu. Tofauti haionekani.

Kitambaa hicho kilibaki baada ya majoho ya kwaya ya kanisa lao kushonwa na mumewe, fundi cherehani. Leo kwaya inatimiza miaka ishirini na tano, na kazi ya keki amepewa Mama Krimu. Ni nafasi yake ya pili kwa kwaya hii.

Ya kwanza ilikuwa mwaka jana, majoho yalipovaliwa kwa mara ya kwanza. Alitumia rangi ya maji. Krimu ilipokataa kufanana na majoho aliongeza, akaongeza tena, mpaka chupa ikaisha. Waimbaji ishirini na wanne walikula keki, kisha wakasimama mbele ya waumini na kufungua vinywa.

“Meno zambarau, mstari mzima,” anasema mumewe huku akitunga uzi kwenye sindano. “Mchungaji alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Tukadhani anaomba.”

“Alikuwa anacheka. Na wewe ulicheka kumpita.”

“Mimi nilikuwa naangalia majoho yangu, mke wangu. Yalikaa vizuri.”

Tangu siku hiyo keki za kanisani, zilizokuwa sita katika kila kumi alizooka, zimehamia kwa mwokaji mwingine. Mwalimu wa kwaya amekubali kumjaribu tena kwa sharti moja: keki iliwe kwanza, wimbo ufuate, kama mwaka jana. Meno yakichafuka, asirudi kuomba kazi.

Kwa wiki tatu Mama Krimu amelinganisha rangi, na kila jaribio limeonjwa na mumewe na kuishia kwenye meno yake. Matokeo yake ni haya: rangi ya jeli ikiachwa ndani ya siagi kwa saa kumi na nne, hukolea yenyewe bila kuongezwa, na meno hayachafuki.

“Mwaka jana niliomba rangi ikolee, na ikakolea,” anasema. “Kosa halikuwa kwa Mungu, lilikuwa kwenye mkono wangu. Nilisema amina, halafu sikumpa hata dakika kumi. Sasa naomba, natia matone sita, nafunika bakuli. Kwangu mimi imani ni kutochungulia.”

“Jana alichungulia mara mbili,” anasema mumewe.

“Moja. Ya pili nilikuwa natafuta kijiko.”

Kazi za kanisani zikirudi, anataka kuwafundisha akina mama wenzake upambaji kila Jumamosi.

Saa tano na nusu keki inakatwa katika chumba cha nyuma cha kanisa. Mama Krimu anasimama mlangoni, daftari kifuani, mumewe nyuma yake. Sahani zinapokwisha, mwalimu wa kwaya anawapanga waimbaji.

“Onyesheni meno.”

Anapita taratibu. Mbele ya mzee mmoja wa sauti ya nne, ile nzito, anasimama.

“Mzee wangu, hii nini?”

“Hiyo kahawa, Mwalimu. Hiyo ni ya miaka yote.”

Waimbaji wanacheka, na vinywa vyote vinaonekana. Hakuna zambarau. Mwalimu anageukia mlangoni.

“Mama, kuna harusi mwezi ujao. Bibi harusi anataka nyekundu, ile ya kuiva kabisa.”

Mama Krimu anafungua daftari na kuandika: nyekundu. Mumewe anajiziba mdomo kwa mikono miwili.